Kalkulatrisi mpya ya michoro: mambo ya kupanga mbele ya hesabu ya kwanza

Kalkulatrisi ya michoro ni mashini ya kuhesabu yenye kioo kikubwa. Zaidi ya kujumlisha na kutoa, inachora mistari ya hesabu, inatafuta namba isiyojulikana na inabeba programu. Kati ya zile zinazojulikana sana kuko TI-84 Plus ya Texas Instruments, fx-CG50 ya Casio, na HP Prime iliyotoka mwaka 2013.

Mashini hizi zinatoka kiwandani na mipangilio inayofikiria kwanza mwanafunzi wa darasani. Mtu aliyezoea, kama vile jeometra, injeniya ao mwalimu wa hesabu, anakuja na mazoea yake kutoka mashini ya zamani. Vidole vyake vinaenda mbio, lakini mashini mpya inaelewa kitu kingine. Hapo hatari inaanza: mashini haitasema kwamba kuko kosa. Itatoa jibu safi, lenye tarakimu nyingi, lakini si lenyewe.

Pembe: degre, radiani ao gradi?

Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Kalkulatrisi ndogo za Casio, zile za mashule, kwa kawaida zinaanza na degre. Za michoro nyingi, HP Prime ikiwa ndani, zinaanza na radiani. Mtu aliyetoka kwa ile ndogo hana mazoea ya kuuliza.

Tuseme jeometra anapima mlima. Amepima metre 100 kwa kufuata mteremko, na pembe ni degre 30. Kimo ni 100 mara sin 30, ni kusema metre 50. Kama mashini iko kwa radiani, itaandika −98,8. Hapo kila mtu anaona kama kuko shida, kwani mlima hauwezi kuwa na kimo cha chini ya sifuri. Lakini pembe ikiwa 45, jibu la kweli ni metre 70,7, na mashini ya radiani itatoa 85,1. Hiyo inafanana na kweli. Itaandikwa kwa karatasi, na mtu atajenga juu yake.

Kuko tena gradi, kipimo kinachogawanya duara kwa sehemu 400, ambacho majeometra waliosoma kwa Kifaransa wanakijua vizuri. Sin ya gradi 30 ni 0,454. Kwa ule mlima wa metre 100, kosa ni metre 4 na nusu, na hakuna kitu kitakachomshitua mtu. Kosa kubwa linajionyesha lenyewe; la katikati ndilo linalopita.

Kwa TI-84, finya MODE: utakuta radiani na degre tu, gradi haiko. Mwenye pembe za gradi anazizidisha kwa 0,9 ili kupata degre. Kwa fx-CG50, finya SHIFT kisha MENU, tafuta Angle. Pale gradi iko. Kwa HP Prime, finya Shift kisha buto yenye picha ya nyumba.

HP Prime iko na mtego mwingine. Kila programu ya ndani yake inaweza kuwa na pembe yake, kwa Shift kisha Symb. Mtu anaweza kuweka degre kwa ukurasa wa nyumba, kumbe programu ya michoro imebaki na radiani. Angalia fasi zote mbili.

Namna ya kuingiza hesabu

HP Prime inatoa njia tatu. Textbook inaandika hesabu kama kwa kitabu, sehemu zikiwa juu na chini. Algebraic inaandika yote kwa mstari mmoja. Ya tatu ni RPN, na hiyo ndiyo wazee wa HP wanaitafuta mara tu wanapofungula boksi.

RPN ilijulikana sana kwa kalkulatrisi ya mfuko HP-35 ya mwaka 1972. Jina lake linakumbusha Poland, nchi ya Jan Łukasiewicz, aliyetunga namna ya kuandika bila mabano. Namba zinaingia kwanza, alama inafuata. Kwa (3 + 4) × 5, mtu anafinya 3, Enter, 4, +, 5, ×, na 35 inatokea. Namba zinapangwa moja juu ya nyingine, na kila jibu la katikati linaonekana. Mtu anayefanya hesabu ndefu anaona kosa pale pale linapoingia, hangoji mwisho.

Hata kwa asiyetaka RPN, mabano yanaomba uangalifu. Andika 6÷2(1+2) kwa TI-84, utapata 9. Andika vile vile kwa Casio fulani, utapata 1. Hakuna mashini iliyoharibika: moja inafuata kushoto kwenda kulia, ingine inaanza na kuzidisha kusikoandikwa alama. Anayebadilisha kampuni anapashwa kuandika alama ya × na mabano yote.

Kwa TI-84 na Casio, uchaguzi unaofanana na huu ni kati ya maandishi ya kitabu na maandishi ya mstari. TI inaita MathPrint na Classic. Casio inaita Math na Line. Wengi wenye mazoea wanapenda mstari, kwa sababu vidole havitembei sana kati ya juu na chini.

Jibu kamili ao desimali

HP Prime iko na nyumba mbili. Kwa Home, √8 inatoa 2,828 na tarakimu zinazofuata. Kwa CAS, inatoa 2√2. Mwalimu anataka la pili, mtu wa kazi ya kupima anataka la kwanza. Mipangilio ya CAS inafungulwa kwa Shift kisha buto ya CAS.

Herufi nazo zinaleta shida. Kwa Home, herufi kubwa A hadi Z zinabeba namba siku zote, hata kama ni sifuri. Ukiandika X kubwa ndani ya CAS ukifikiri haijulikani, mashini itaweka namba iliyo ndani yake. Kwa CAS, tumia x ndogo.

Nukta na mkato

Kwa Kifaransa desimali inaandikwa kwa mkato, ile watu wanaita virgili. Na kwa bei nyingi nukta inatenganisha maelfu: 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa mashini iliyopangwa Kiingereza, 1.250 ni moja na robo. HP Prime inakubali kubadilisha alama hiyo kwa mkato, na menyu zake zinaweza kuwekwa kwa Kifaransa. Lakini ukiweka mkato kwa desimali, namba ndani ya mabano ya amri zinatenganishwa kwa nukta-mkato, na programu za kuandika kwa mkono zinapashwa kusomwa tena.

Majaribio ya dakika moja

Mbele ya kazi, na kila mara mtu mwingine amekamata mashini, ao baada ya kuifuta ao kuitia programu mpya ya kiwanda, fanya haya:

– Sin 30: ikitoka 0,5 ni degre, ikitoka −0,988 ni radiani, ikitoka 0,454 ni gradi.
– Chora sin X: kama mstari umelala karibu kama ubao, mashini iko kwa degre, kama unapanda na kushuka kama mawimbi, ni radiani.
– 1 gawanya kwa 3: utaona kama jibu ni sehemu ao desimali, na tarakimu ngapi.
– 6÷2(1+2): utajua mashini inafuata sheria gani.

Kisha andika mipangilio yako kwa kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya kifuniko. Atakayeazima mashini kesho atajua inaongea luga gani.