Foldama

Foldama ni molekuli ndefu zinazotengenezwa maabara, ambazo hujikunja zenyewe na kushika umbo maalumu, mara nyingi la parafujo kama peptidi za viumbe hai. Zilizochunguzwa sana ni peptidi za beta. Kila asidi amino ndani yake huongeza atomi moja ya kaboni kwenye uti wa mnyororo, ikilinganishwa na peptidi ya kawaida. Wengi wangedhani nyongeza hiyo italegeza mnyororo, kumbe sivyo. Mwaka 1996 makundi ya Dieter Seebach, Zürich, na Samuel Gellman, Wisconsin, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba vipande vya asidi sita tu hujiviringisha imara, urefu ambao kwa huo peptidi ya kawaida mara nyingi hushindwa kushika umbo. Parafujo ya asili huchukua asidi 3.6 kwa mzunguko. Aina moja maarufu ya beta huchukua takriban 3, na inaweza kuzunguka upande wa kushoto. Umbo hushikiliwa na vifungo vya hidrojeni. Vimeng'enya vinavyokata protini hupata taabu kuzivunja peptidi hizi, ndiyo maana watafiti wa dawa wanazipenda: zimejaribiwa kuua bakteria, na kuzuia protini ya hDM2 isiishike p53, mlinzi wa seli dhidi ya saratani.