Mdogo Mpaka Lini?

Tumo ndani ya mwezi mtukufu, na katika nyumba zetu nyingi, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, utasikia maneno haya: "Muache ale, bado mdogo huyo." Hebu tuulizane: mdogo mpaka lini?

Tuanze na Mayahudi, watu wa Kitabu. Wao humtahiri mtoto siku ya nane, kwa kufuata agano la Nabii Ibrahim (AS). Lakini tohara haimfanyi mtu mzima. Mvulana akitimiza miaka 13 ndipo huwa bar mitzvah, yaani "mwana wa amri". Msichana ni miaka 12. Tangu siku hiyo amri za dini yao ziko shingoni mwake mwenyewe, pamoja na saumu ya Yom Kippur, yapata saa 25 bila chakula wala maji. Baba naye humshukuru Mungu kwa kuondolewa dhima ya mwanawe. Karamu iwepo isiwepo, amri zishamfunga.

Na hapa Ukambani? Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba jando la Akamba lilikuwa na hatua mbili za lazima. Ya kwanza ni kisu, mtoto akiwa na miaka 4 hadi 7. (Kwa wasichana, sheria ya Kenya ya 2011 imekipiga marufuku.) Ya pili, nzaiko nene, ilikuwa siku kadhaa za mafunzo mbali na kijiji. Wazee waliita kazi hiyo kuwaatamia vijana, kama kuku na mayai yake.

Sasa tujitazame. Kisu cha wavulana tumebaki nacho, kuatamia tumeacha. Desemba kijana anapelekwa hospitali, anarudi, anapikiwa pilau, basi yamekwisha!

Ndugu zangu, baleghe haingoji sherehe. Mvulana akiota, msichana akipata hedhi, kalamu imeanza kuandika. Dalili zisipoonekana, kwa madhehebu ya Shafi ni miaka 15 ya mwezi mwandamo, sawa na miaka 14 na nusu hivi kwa kalenda ya ukutani. Ibn Umar (RA) alirudishwa Uhud akiwa na miaka 14, akakubaliwa Khandaq akiwa na 15. Na masahaba hawakungoja umri huo ndio waanze kufundisha: waliwafungisha watoto wao Ashura, wakilia njaa wanapewa vichezeo vya sufi mpaka magharibi.

Binti wa darasa la sita huenda ameshabaleghe na hakuna aliyemwambia kitu. Kila saumu iliyompita tangu hapo ni deni la kulipa, naye hajui kama anadaiwa.

Basi leo baada ya futari, mama keti na binti yako, baba keti na mwanao. Ambianeni ukweli, hesabuni siku. Nawe kijana, ukiona dalili usinyamaze, uliza.

Wabillahi tawfiq.