Kulea mtoto si sawa na kuasili mtoto

Kwetu Wamaza, mtoto aliyepotezana na wazazi katika kukimbia vita pande za Salamabila huchukuliwa na shangazi, jirani au shemasi, bila mtu kwenda mahakamani. Huko ni kulea. Ndugu zake wakitokea kesho, anaweza kurudi kwao. Kuasili ni jambo lingine: hukumu ya mahakama inampa mtoto wazazi wapya mbele ya sheria. Wazazi wengi vijijini hawajaelezwa tofauti hiyo.

Tunajua yaliyotokea pande za Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Wazazi waliambiwa kwamba watoto wanaenda Kinshasa kwa likizo. Mwaka 2015 baadhi ya watoto hao walifika katika familia za Ubelgiji, wakiwa na karatasi zilizowaita yatima. Baadaye vipimo vya ADN vilionyesha kwamba wazazi wao wako hai. Na tangu tarehe 25 Septemba 2013 DGM ilikuwa imesimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni!

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1990, unadai katika kifungu cha 21 kwamba wazazi au ndugu wakubali huku wakielewa wanachokubali. Kumpeleka mtoto ng'ambo kunafikiriwa tu kama hakuna njia ya kumtunza vizuri nchini mwake, wala mtu asijitajirishe kwa jambo hilo. Hapa kwetu, Sheria ya 10 Januari 2009 ilianzisha mahakama za watoto. Mchungaji au chifu hana mamlaka ya kumtoa mtoto, hata kama mama mwenyewe analia kwa umaskini. Umaskini wa mama haumfanyi mtoto kuwa yatima. Mama huyo asaidiwe kwanza. (Hata Musa, kabla ya kuwa mwana wa binti Farao, alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe.)

Wachungaji wenzangu, mara nyingi sisi ndio tunaoombwa barua yenye muhuri wa parokia. Tuandike tulichokiona tu: mtoto alipatikana wapi, siku gani, nani alikuwa naye, anataja majina gani ya ndugu. Neno "yatima" tusiliandike kabla Mambo ya Jamii na Msalaba Mwekundu hawajatafuta familia yake. Nakala moja ibaki kanisani.