Sukari, Misuli na Saa ya Mwili

Kabla ya mwaka 1922, kijana aliyepatwa na ugonjwa wa kisukari hakuwa na dawa ila njaa. Katika mji wa New York alikuwako daktari, jina lake Frederick Allen, aliyewapa wagonjwa wake chakula kidogo mno, hata wengine wakabaki ngozi na mifupa. Wakaongezewa miezi ya kuishi, lakini miezi ya namna gani! Hata hivyo tusimlaumu upesi, maana njia nyingine haikuwapo.

Asili ya ugonjwa ilikwisha kujulikana kwa sehemu. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akashikwa na kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata katika kongosho dawa ya kushusha sukari ya damu. James Collip akaisafisha, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa, akaokoka. Dawa hiyo ndiyo insulini.

Wengi huikomesha hadithi hapo. Mimi naona ndipo inapoanza kuwa tamu. Kwa nini kipimo kile kile cha insulini kimfae huyu sana, na yule kisimfae?

Harold Himsworth, daktari wa London, aliwanywesha watu sukari na papo hapo akawadunga insulini, kisha akapima damu yao. Sukari ikipanda kidogo tu, alijua kwamba mwili waitii insulini. Ikipanda sana, mwili wakaidi. Mwaka 1935 alieleza habari za watu wazima wenye afya njema aliowabadilishia chakula. Walipokula wanga mwingi, insulini ilifanya kazi kwa nguvu; walipokula mafuta mengi na wanga haba, ikalegea. Basi chakula cha siku zilizopita chaamua jinsi mwili utakavyopokea chakula cha leo. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba wagonjwa wa kisukari ni wa namna mbili: wanaokosa insulini, na wale ambao miili yao haiisikii.

Mwaka 1950, Rachmiel Levine na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba insulini huifungulia sukari njia ya kuingia ndani ya chembe za mwili. Misuli ndiyo ipokeayo sehemu kubwa ya sukari hiyo. Tena misuli inayofanya kazi huweza kuivuta sukari hata insulini ikiwa chache, jambo ambalo mkulima mwenye jembe hufaidika nalo bila kuambiwa.

Lakini mlango huo haufunguki sawasawa mchana kutwa. Kwa watu wengi, chakula kilicholiwa usiku hupandisha sukari kuliko kile kile kilicholiwa asubuhi; kongosho hutoa insulini kwa uchache, na mwili nao huwa mzito kuitii. Wataalamu walipoharibu saa iliyomo katika misuli ya panya, saa ya ubongo ikiwa nzima, misuli ile ilipokea sukari kidogo ilipoitwa na insulini. Saa ya ubongo hufuata nuru ya jua. Saa za viungo vingine, kama ini, hufuata pia wakati wa kula. Mlinzi wa usiku alaye saa nane za usiku huzitenganisha saa hizo mbili.