Kipimo cha kubandika
Kipimo cha kubandika ni njia ya kutambua mzio wa ngozi unaoletwa na vipodozi kama rangi za nywele, manukato na krimu. Kilielezwa mwaka 1895 na Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Ujerumani. Kemikali zinazoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48. Ngozi hukaguliwa, kisha hukaguliwa tena siku mbili hivi baadaye, kwa sababu seli T za kinga, ambazo ndizo chanzo cha mzio huu, hukawia kuitika. Wekundu wenye uvimbe au malengelenge ni dalili ya mzio. Wekundu hafifu unaofifia upesi mara nyingi ni mwasho tu.

Pwani ya Afrika Mashariki, kipodozi cha kuogopwa zaidi ni piko, rangi nyeusi wanayopambwa nayo maharusi. Hina halisi hutoa wekundu wa kahawia na ni nadra kudhuru. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, ambayo huweza kubabua ngozi na kuacha kovu. Mzio wa kemikali hiyo ukishaingia hudumu miaka mingi, na rangi ya nywele itakayopakwa baadaye huweza kuvimbisha uso mzima. Aliyewahi kubabuliwa na piko asijipime mwenyewe nyumbani. Amwone daktari wa ngozi.