Treni Juu, Vitunguu Chini

Ndani ya Borough Market, kusini mwa Mto Thames jijini London, mazungumzo hukatizwa mara kwa mara. Treni inanguruma juu ya paa, muuza jibini ananyamaza, ikishapita anaendelea kutaja bei pale alipoishia. Mgeni hudhani reli ilitangulia, soko likaja kujibanza uvunguni. Ni kinyume chake.

Kwa karne nyingi wachuuzi walipanga bidhaa kando ya barabara kuu ya mtaa wa Southwark, mlangoni mwa London Bridge. Hadi 1750, lilipofunguliwa daraja la Westminster, katikati ya jiji hapakuwa na daraja jingine, kwa hiyo mikokoteni ya mboga na makundi ya ng'ombe kutoka kusini yalipita hapo hapo. Kilicholinogesha soko ndicho kilicholiponza. Tangu 1550, kwa hati ya Mfalme Edward VI, mamlaka juu yake yalikuwa mikononi mwa wakuu wa Jiji la London, ng'ambo ya mto. Msongamano ukawachosha (hoja ya "mnaziba njia" machinga wetu anaijua vizuri), na mwaka 1755 Bunge likapitisha sheria: ikifika 25 Machi 1756, biashara ya barabarani mwisho.

Wenyeji hawakuishia kulalamika. Walilirudia Bunge lile lile na ombi lao, wakapata sheria ya pili iliyoiruhusu parokia ya St Saviour kuendesha soko lake yenyewe, mradi lisirudi barabarani. Parokia ya Uingereza enzi hizo haikuwa mambo ya ibada tu. Ndiyo iliyotoza kodi na kuwatunza maskini wa mtaa. Zikapatikana pauni 6,000, kikanunuliwa kiwanja nyuma ya barabara kilichoitwa The Triangle, yaani Pembetatu. Wachuuzi walihama hatua chache tu, lakini soko sasa lilikuwa la watu wa mtaa.

Nguvu ya sheria hiyo ilionekana karne moja baadaye. Miaka ya 1860 kampuni ya reli ilitaka kupitisha njia ya kwenda stesheni ya Charing Cross hapo hapo sokoni. Kwingineko London, reli zilinunua nyumba za watu na kuzibomoa mtaa kwa mtaa. Hapa kampuni ilikutana na wadhamini wa soko, wasioweza kuuza ardhi hata kama wangetaka, maana sheria ilikuwa imewafunga mikono. Suluhisho likawa la ajabu: reli ikapewa haki ya kupita angani, ikajenga njia yake juu ya matao, na ardhi ikabaki ya soko. Njia ilipopanuliwa miaka ya 2010, treni ziliongezeka juu na soko likabaki chini.

Wateja, hata hivyo, hawafungwi na sheria. Soko la jumla la Covent Garden lilipohamia Nine Elms mwaka 1974, na maduka makubwa yalipozidi kutamba, Borough lilidorora. Nadhani mmiliki binafsi angekwishauza. Wadhamini walibaki na mabanda yao, hadi maonyesho ya vyakula ya 1998 yalipowarudisha wanunuzi. Leo soko ni shirika la hisani na watalii hujazana kula chaza na mikate ya bei, huku mkazi wa Southwark anayetafuta viazi vya kawaida akiendelea na safari yake hadi dukani.