Umeme na Muziki wa Gari

Matatu ipandayo vilima vya Mugirango Kusini kwenda Nyamarambe mara nyingi husikika kabla haijaonekana. Vijana huufurahia muziki wake, na wazee wengi huuita kelele. Lakini nyuma ya sauti ile iko historia ndefu, nayo ni historia ya swali moja: gari litapata wapi umeme wa kutosha? Yafaa mwanafunzi ailewe, maana asiyelijibu swali hilo sawasawa huweza kulala njiani, au kuliona gari lake likiteketea.

Magari ya kwanza yalihitaji umeme kidogo sana. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, liliwashwa kwa nguvu za mkono, dereva akizungusha hendeli ya chuma mbele ya injini. Betri ya risasi na asidi ilikuwa imekwisha kubuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, lakini kazi yake katika gari ilikuwa bado ndogo. Mambo yaligeuka mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ilipotoa gari lenye taa za umeme na mota ya kuwashia injini, kazi iliyoongozwa na Charles Kettering. Tangu hapo gari likahitaji dainamo ya kuzalisha umeme na betri ya kuuhifadhi.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1930, huko Marekani, Paul Galvin na wenzake walitengeneza redio ya gari waliyoiita Motorola. Redio za siku hizo zilitumia vali za kioo, nazo zilitaka volti zaidi ya mia moja, hali betri nyingi za magari ya huko zilikuwa na volti 6 tu. Basi ilibidi kuongeza betri nyingine, na baadaye kutumia chombo cha kuzidisha volti. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilipunguza sana njaa hiyo ya redio. Katikati ya miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vilihamia volti 12, kwa sababu volti zikiwa maradufu, kazi ile ile hufanywa kwa nusu ya mkondo. Mwaka 1960 gari la Valiant la kampuni ya Chrysler likatoka na altaneta badala ya dainamo. Faida yake ni kwamba altaneta hutoa umeme wa kufaa hata injini inapozunguka polepole.

Hapa Kenya, mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Magari yakaongezeka, na ushindani ukaongezeka pamoja nayo. Mwenye gari aliyetaka kuwavuta abiria aliweka redio, kisha mashine ya kanda, kisha spika kubwa na amplifaya ya kuzipa nguvu. Kelele nazo zikazidi, hata serikali ikatoa kanuni za kuzizuia mwaka 2009. Lakini sheria ya umeme haingoji askari. Humkamata kila aivunjaye, mchana na usiku.

Tufanye hesabu. Wati ni volti mara ampea. Amplifaya inayokula wati 600 kutoka volti 12 huvuta ampea 50. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, huvuta ampea 9 hivi. Kwa hiyo amplifaya hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote, hula zaidi ya mara tano ya taa hizo zote mbili. Ikiwa altaneta haiwezi kuitosheleza pamoja na taa na injini, upungufu hutolewa katika betri. Na bandu bandu huisha gogo.

Wengi hudhani dawa ni kununua betri kubwa zaidi. Betri ni ghala, na altaneta ndiyo shamba. Ghala likipanuliwa na shamba likabaki lile lile, nafaka haiongezeki. Njaa huahirishwa tu. Betri ya ampea-saa 60 ingeonekana kuweza kutoa ampea 50 kwa saa moja na dakika 12, lakini kwa kweli huchoka mapema zaidi, maana betri inyonywayo kwa haraka hutoa pungufu. Hata kabla haijakwisha kabisa, huenda ikashindwa kuwasha injini.

Waya nao una haki yake. James Prescott Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba mkondo ukizidishwa mara mbili, joto katika waya huzidi mara nne. Chukua waya wenye ukinzani wa ohmu 0.02. Kwa ampea 50 hupoteza volti 1 na wati 50. Kwa ampea 100 hupoteza wati 200, zote zikiwa moto mtupu. Ndiyo sababu fundi mwenye ujuzi huchagua waya mnene wa shaba, huufupisha awezavyo, na huweka fyuzi karibu kabisa na betri. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, fyuzi hukatika kabla moto haujaanza. Anayeiondoa fyuzi na kuunganisha kipande cha waya mahali pake ameondoa mlinzi na kumwachia adui mlango.

Tangu taa za mwaka 1912 hadi spika za leo, kila starehe iliyoingia garini ilidai chakula chake, na walioiweka kwa salama ni wale waliotafuta chakula hicho kwanza. Fundi hana budi kuhesabu ampea kabla ya kununua spika, na kuziweka mbele taa na injini, ambazo uhai wa abiria unazitegemea. Muziki upewe kinachobaki.